Kamba ya Kupimia Shamba

Atokaye Lanet akaishika njia ipandayo kwenda Ol Kalou huiona nchi ikibadili sura kabla hajafika juu: vumbi la bonde la Nakuru hubaki nyuma yake, hewa hugeuka baridi, ukungu wa asubuhi hukawia juu ya msitu wa Dundori, na kando ya barabara hutokeza magunia ya viazi, marundo ya kabichi na mikebe ya maziwa, vyote vikimngoja mnunuzi ambaye huenda akaja na huenda asije. Mpita njia huiona neema akaisifu. Lakini mwenye gunia, aliyeketi juu ya jiwe kando yake, ajua kwamba neema hiyo hiyo yaweza kuwa msiba wake, kwa sababu mwaka ambao viazi vyake vimestawi aghalabu ndio mwaka ambao viazi vya kila mtu vimestawi, na kitu kilichojaa kwa kila mtu hakina bei.

Hofu ya mkulima wa nchi hii, basi, ni mbili. Moja hushuka kutoka mbinguni kwa sura ya ukame, sakitu, mvua ya mawe au maradhi ya mimea. Ya pili hupanda kutoka sokoni, na sura yake ni wingi. Serikali zilizotawala Kenya, ile ya kikoloni na zile za baada ya uhuru, zimejaribu kwa zama mbalimbali kusimama kati ya mkulima na hofu hizo, mara kwa dhamana, mara kwa bei iliyotangazwa, mara kwa ruzuku, na katika miaka hii yetu kwa bima. Na watu wa Dundori, ambao dawa hizo wamezionja au wamezisikia kwa wazee wao, hawajaafikiana ni ipi iliyoponya.

Ili hoja zao zisikike pasipo kuingiliana, nimewakusanya watu wa mfano katika ukumbi wa chama cha ushirika, alasiri ya Jumamosi, mizani ya maziwa ikiwa bado imesimama mlangoni. Majina sikuwapa, maana msomaji wa nchi ile atawatambua kwa kazi zao: mwenyekiti wa chama, bwana shamba mstaafu, mama mkulima wa viazi, mzee aliyewahi kulima pareto, kijana dalali, na mwalimu wa zamani.

MWENYEKITI: Wazee wetu, kina mama, na wewe kijana uliyeliacha lori lako la kanta likinguruma nje, kalizime kwanza, mafuta si maji ya mto. Tumekutana kwa neno moja. Fedha ya umma inayotengwa kumkinga mkulima na hasara haitoshi kwenda kila mahali. Je, iende kulipia sehemu ya ada ya bima, kama ilivyofanywa katika mpango ulioanza mwaka 2016, au ni heri iende kwenye bei, maghala na barabara? Kila mmoja aseme aliyonayo, na asiyesema asije akalalamika njiani. Bwana Shamba, tangulia.

BWANA SHAMBA: Bwana Mwenyekiti, nimetumikia ugani miaka mingi, na viatu vyangu vya mpira vimezama katika matope ya wengi walioketi hapa. Katika kazi ile niliona jambo moja likijirudia hata nikalichoka: mtu amelima kwa mkopo, mvua ikamkimbia, akauza ng'ombe wa maziwa ili alipe deni, na mwaka wa pili mvua iliporudi ikamkuta hana ng'ombe wala mbegu. Hasara ya msimu mmoja, ndugu zangu, haifi pamoja na msimu wake. Huzaa, na watoto wake humrithi mkulima miaka mitatu, minne. Bima haikuletwa ili imtajirishe mtu. Muradi wake ni kumzuia yule ng'ombe asitoke zizini.

Sasa nieleze inavyofanya kazi, maana nimesikia wengi wakiipinga ambao hawakuifahamu. Mnamo Machi 2016 serikali, kwa msaada wa wataalamu wa Benki ya Dunia, ilizindua Mpango wa Bima ya Kilimo wa Kenya. Ukaanza na mahindi na ngano, na kaunti zilizotangulia zikawa Bungoma, Embu na hii yetu ya Nakuru. Mkulima alilipa nusu ya ada, na nusu ya pili ikalipwa na hazina ya serikali. Hapimwi mtu mmoja mmoja. Nchi hugawanywa katika maeneo, na kila eneo hujulikana wastani wa mavuno yake kwa miaka iliyopita. Wakati wa kuvuna wapimaji huteua mashamba kadhaa kwa bahati nasibu, wakaingia na kamba na vijiti, wakapima mraba, wakavuna kilichomo, wakapukuchua na kupima uzito. Tuseme wastani wa eneo ni magunia 20 kwa ekari, na bima imedhamini asilimia 70, yaani magunia 14. Vipimo vikitoa magunia 10, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa thamani ya magunia 4 kwa ekari, hata yule ambaye mpimaji hakukanyaga kwake.

Fauka ya hayo, mizani hiyo haiulizi sababu. Mwaka 2009 ulianzishwa mpango uitwao Kilimo Salama, uliotegemea vituo vya kupima mvua na kulipa fidia kwa simu. Njia njema na nyepesi, walakini kituo cha mvua hupima mvua, hakipimi gunia. Mwaka 2011 maradhi ya kuua mahindi yalizuka Bomet, na mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wakaingia nchini. Mvua ilikuwapo, mahindi hayakuwapo. Anayelipima gunia lenyewe haponyokwi na mdudu wala maradhi.

Tena tazameni kwa ndugu zetu wafugaji. Mwezi wa Oktoba 2015 serikali ilianza bima ya mifugo kwa kaya 5,000 za Turkana na Wajir, ikitazama ukijani wa malisho kwa setilaiti, na ada yote ikalipwa na serikali kwa idadi maalumu ya wanyama wa kila kaya. Ukame ulipobana, mwanzoni mwa mwaka 2017, zaidi ya shilingi milioni 200 ziligawiwa wafugaji wa kaunti kadhaa, nao wakanunua malisho na maji, wanyama wangali hai. Hapo ndipo ninapouliza: kama mfugaji aweza kulipwa kabla ngamia hajafa, mkulima wa Dundori ana kosa gani?

MAMA: Bwana Shamba, wewe ndiwe uliyenifundisha kuchagua mbegu ya viazi, na sitakuvunjia heshima mbele ya watu. Lakini neno lako la wastani limenikaa kooni. Kuna mwaka mvua ya mawe ilishuka upande wetu wa kijito, ikapasua majani, ikalaza mahindi, ikatoboa hata mabati ya banda la kuku. Na ng'ambo ya pili, mahali ambapo mtu akiita husikika, watu hawakufunga hata madirisha. Tukipimwa sote pamoja, mimi mwenye magunia 3 na majirani wengi wenye 22, wastani utasema eneo letu limeneemeka. Wastani ni kama pilau ya arusi: aliyepata nyama na aliyepata viazi peke yake wote huandikwa kuwa walikula nyama.

Na hayo ni ya mahindi. Mahindi huku juu hukaa shambani miezi minane, tisa, baridi ikiyachelewesha. Mimi huyapanda kwa ajili ya watoto, siyategemei kwa karo. Karo yangu hutoka kwenye viazi na maziwa. Bima iliyoanza na mahindi na ngano ilikuwa kwangu mwavuli mzuri uliofunika mguu, kichwa kikanyeshewa. Na hata mngenifunika kichwa, bado mngekuwa mmenikinga na mvua tu, ilhali mwaka ulionitia hasara kubwa kuliko yote haukuwa mwaka wa njaa. Ulikuwa mwaka wa viazi vingi. Nilivuna hata ghala likakataa, nami nikauza kwa bei isiyorudisha gharama ya mbolea. Niambie, Bwana Shamba, mpimaji wako angekuja na kamba yake mwaka ule, angeandika nini?

BWANA SHAMBA: Angeandika mavuno mema, Mama, na asingekulipa. Sikuja kuficha. Ila unajua ni kwa nini hatupimi shamba kwa shamba? Mwenye ekari moja na nusu hulipa ada ndogo. Nauli ya mpimaji kuja kwake, kupima, na kurudi kuthibitisha, ingekula ada yote na fidia yote. Tena lipo jambo ambalo sote twalijua na hatulisemi: mtu akijua hasara yake mwenyewe ndiyo itakayolipwa, yamkini akaacha kupalilia. Kwa wastani wa eneo, mvivu hawezi kuila fidia peke yake, na mwenye bidii haadhibiwi kwa bidii yake, kwani mavuno ya jirani zake yakiwa pungufu hulipwa pamoja nao na bado gunia lake analo. Kasoro ya wastani naijua. Ni bei tunayolipa ili bima iwe rahisi hata ikupate wewe.

MZEE: Nimewasikia, na kiti hiki kimeniuma kwa kungoja. Ninyi mwasema bima ilianza mwaka 2016. Mimi nasema milima hii iliijua dhamana ya serikali kabla ya wengi wenu kuzaliwa, ila haikuwa yetu.

Baba yangu alikuwa kibarua katika shamba la setla, zama ambazo nchi hii iliitwa Nyanda za Wazungu na Mwafrika aliishi ndani yake kwa ruhusa ya mwajiri. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na majeshi yakitaka chakula, serikali ya kikoloni ilimwambia setla: lima ngano, lima mahindi, na mazao yakikufa sisi tutakuhakikishia kiasi maalumu kwa kila ekari. Ile iliitwa dhamana ya mapato ya chini kabisa, na kwa nguvu ya dhamana hiyo setla aliweza kukopa fedha za msimu. Mwaka huo huo biashara ya mahindi ikawekwa chini ya mamlaka ya serikali, na Mwafrika akalipwa kwa gunia lake bei duni kuliko aliyolipwa setla. Basi mtu asiniambie kwamba serikali kumkinga mkulima ni jambo geni, au ni sadaka, au huwafanya watu kuwa wavivu. Setla alikingwa, na hakuna aliyemwita mvivu.

Walakini insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Baada ya uhuru dhamana ile iliendelea, ikawafikia na weusi wenye mashamba makubwa; na hapo watu wakakopa bila kulipa, wengine wakadai hasara ambayo haikuwapo, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 ikakomeshwa. Mzungu alikuwa ameondoka, na mfuko ulitobolewa na mikono yetu wenyewe.

Kisha mimi nikalima pareto. Vijana hamwijui, maua meupe yaliyotanda juu ya vilima hivi hata mtu akidhani sakitu imekataa kuyeyuka. Zamani Kenya iliilisha dunia sehemu kubwa kabisa ya pareto yake. Haikuuawa na mvua, wala na mdudu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye muua wadudu. Iliuawa na malipo yaliyochelewa: mwezi mmoja, kisha miezi sita, kisha mwaka, kisha kimya, hata tukaing'oa kwa majembe yetu tukapanda viazi. Kwa hiyo mimi sitauliza bima ni ya wastani au ya shamba, ni ya mahindi au ya viazi. Nitauliza neno moja tu: nitalipwa lini? Fidia ikinifikia mbegu zimekwisha kupandwa na wenzangu, hiyo haikuwa kinga, ilikuwa rambirambi.

KIJANA: Mzee wangu, nami nizungumze, ingawa najua wengi humu mkiniona mwaona kanta langu na mashaka yenu pamoja. Mimi ndimi broka. Nanunua hapa, nauza Soko la Wakulima kule Nakuru, na mzigo ukiwa mkubwa nauteremsha Nairobi. Nawaambieni hasara yenu naiona kabla yenu, kwa maana naijua bei ya mjini usiku ninyi mkiwa mmelala.

Viazi vyenu vingi ni Shangi. Shangi ni mbegu ya baraka: huiva upesi, hupikika upesi, mjini waipenda. Lakini vilevile huchipua upesi. Ukiivuna, baada ya wiki chache imeota macho, na mwenye chipsi haitaki. Kwa hiyo mkulima wa Shangi hana uwezo wa kuniambia, kijana, nenda, nitauza mwezi ujao. Hawezi kungoja, nami najua hawezi kungoja, na bei yote imo ndani ya kujua huko. Mvua ikinyesha na njia ya kijijini ikawa tope, mimi nahesabu na gharama ya kukwama, naiondoa katika gunia lako. Bima hata iwe tamu namna gani haitaziba tope. Jengeni ghala la ubaridi, tengenezeni njia, na mimi mwenyewe nitalazimika kuwabembeleza.

MAMA: Mwanangu, umesema kweli kuliko nilivyotaraji, basi malizia na ile iliyobaki. Waambie habari ya mukorino.

KIJANA: Mama, mbona waniaibisha mbele ya wazee?

MAMA: Sikuaibishi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Wewe huja na gunia, ukashona juu yake kofia ya wavu, ile tuiitayo mukorino kwa mfano wa kilemba cha Waakorino, ukaijaza mpaka ikasimama, kisha ukalipia gunia moja. Wataka kujua mimi nalipa ada ya bima kiasi gani? Kofia ile ndiyo ada yangu. Nakulipa wewe kila msimu, bila mkataba, na siku ya hasara hunilipi.

KIJANA: Nikiikataa kofia, mwenzangu hataikataa, na mnunuzi wa mjini ataenda kwake. Mniwekee mizani njiani na askari asiyekula, nitakuwa wa kwanza kuitii.

MWALIMU: Bwana Mwenyekiti, niruhusu niziunganishe nyuzi hizi kabla hazijakatika. Sote twajua habari ya Nabii Yusuf, wasomao Biblia na wasomao Kurani. Mfalme wa Misri alipoota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, Yusuf hakumshauri awalipe watu baada ya njaa. Alimshauri aweke akiba wakati wa shibe. Kwa hiyo hoja ya kijana ina asili kongwe, na serikali yetu nayo imeifuata kwa njia zake. Mwezi wa Januari 2020, maziwa yalipozidi na bei ikaanguka, serikali ilitangaza shilingi milioni 500 ili kampuni ya maziwa ya New KCC inunue ya ziada na kuyageuza unga. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala, ili mwenye nafaka aiweke ghalani, apewe hati, akopee hati hiyo, auze bei ikipanda. Lakini mahindi hukaa ghalani na maziwa hugeuka unga. Shangi haikai wala haigeuki. Dawa ya Yusuf ilikuwa ya nafaka.

Na bei je? Mwaka 2023 serikali ilitangaza kununua gunia la kilo 90 la mahindi kwa shilingi 4,000, na wakulima wakafurahi. Lakini serikali ile ile ina mwana wa pili, naye ni mlaji: mwaka 2017 paketi ya unga ya kilo 2 iliuzwa shilingi 90 kwa ruzuku, maana watu wa mjini walikuwa na njaa na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Huwezi kumpendeza muuza gunia na mnunuzi wa unga kwa tangazo moja. Tena penye bei nzuri ya serikali hujipanga na wasiolima: mwaka 2018 Seneti iliunda kamati maalumu chini ya Seneta Margaret Kamar kuchunguza mambo ya mahindi, kwa kuwa wakulima wa kweli walikuwa wakingoja malipo yao hali wafanyabiashara waliopeleka mahindi wamekwisha kulipwa. Hata mbolea ya ruzuku, ambayo nia yake ilikuwa njema, mwaka 2024 ikabainika kwamba katika magunia mengine hapakuwamo mbolea. Naona kila dawa ina ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni mmoja: palipo na fedha ya umma, asiyestahili hufika mapema kuliko anayestahili.

Wengine duniani wamejaribu njia nyingine. India, mwaka ule ule wa 2016, ilianzisha bima ambayo mkulima wa nafaka za masika hulipa asilimia 2 tu ya thamani iliyodhaminiwa, na wa mboga na matunda asilimia 5, serikali ikajaza iliyobaki. Kanada ina mpango usiouliza zao. Hutazama pato zima la shamba baada ya gharama, na likishuka zaidi ya asilimia 30 chini ya kiwango cha miaka iliyopita, serikali huziba sehemu ya pengo. Hiyo ya Kanada, Mama, ndiyo ingekujibu swali lako, kwa sababu yenyewe hulia nawe hata ukivuna sana na usipate kitu.

MZEE: Vizuri, Mwalimu. Na pato langu nani ataliandika? Huko kwao kila mtu ana daftari. Mimi daftari langu ni kichwa changu, nacho kimeanza kuvuja.

MWALIMU: Geuka nyuma yako, Mzee. Ile mizani ya maziwa. Kila asubuhi wamimina, karani apima, aandika kilo zako kwenye kitabu cha chama na kwenye kitabu chako. Kwa maziwa tayari unalo daftari, siku kwa siku, lisilokanushika. Ni viazi visivyoandikwa, kwa kuwa viazi huuzwa kando ya barabara kwa kofia. Kisichoandikwa hakiwezi kudhaminiwa. Viazi vikipita katika chama hiki kama maziwa yanavyopita, vikapimwa kwa kilo na bei ikaandikwa, yule broka atapata mzigo kwa pamoja, na sisi tutapata miaka mitatu, minne ya hesabu ya kuweka mbele ya mwenye bima na kumwambia: hili ndilo pato letu, lidhamini hili.

BWANA SHAMBA: Hapo nakuunga mkono, nami nakiri kwamba tulianza na mahindi kwa sababu mahindi ndiyo yaliyokuwa na hesabu. Lakini msije mkaitupa bima ya mavuno mkingoja ya pato. Mwaka wa ukame viazi haviwi vingi wala vichache, haviwi kabisa.

MZEE: Mimi sijaitupa. Nimeuliza ni lini.

MAMA: Nami sijaitupa, ila nina swali la mwisho. Bwana Shamba, hao wapimaji wakiingia na kamba yao katika yale mashamba waliyoyateua, ncha moja ya kamba hushikwa na mpimaji. Ncha ya pili hushikwa na nani?

BWANA SHAMBA: Na mpimaji mwenzake, Mama.

MAMA: Basi hapo ndipo mlipotupoteza. Maziwa yangu hupimwa mbele ya macho yangu. Sindano ya mizani ikitikisika naiona, karani akiandika pungufu namwuliza pale pale, na asipojibu nageuka kwa walio nyuma yangu kwenye mstari. Ndiyo maana sijapata kusikia mtu hapa akisema mizani ya chama ni uchawi, hata mwezi ambao bei ni mbaya. Wastani wenu huenda ukawa wa haki, sikatai. Lakini mimi huupokea kwa ujumbe wa simu, tarakimu iliyoshuka kutoka mahali nisipopajua, na nambari nisiyoiona ikipimwa ni sawa na ahadi ya mtu nisiyemjua. Niwekeeni mmoja wetu, aliyechaguliwa hapa, ashike ncha ya pili. Kipimo kikitoka kuwa tumevuna vya kutosha na mimi nikakosa, nitasikitika, sitanung'unika.

MWENYEKITI: Hilo karani aliandike.

Hapo nawaacha wazungumzaji wangu, wala sikuwapigisha kura, kwa sababu sikuona hoja mbili zilizobaki zikishindana. Aliyetaka bima na aliyetaka bei, aliyetaka ghala na aliyetaka njia, kila mmoja alipofuatwa mpaka mwisho wa neno lake alifika mahali pamoja: palipo na kupima. Dhamana ya mwaka 1942 ilibomoka kwa hasara zilizodaiwa na zisipimwe. Gunia la kiazi humwibia mwenyewe kwa kuwa halipimwi. Bei ya serikali iliwafikia wasiolima kwa kuwa hakuna aliyepima nani alilima nini. Na bima, iliyo bora kupita hizo kwa kuwa imejengwa juu ya kipimo, huweza kukataliwa na wale wale iliyokusudiwa kuwaokoa, kwa sababu kipimo chake hufanywa nyuma ya migongo yao.

Rai yangu, basi, ni kwamba serikali iendelee kubeba sehemu ya ada, maana mwenye ekari moja hawezi kuubeba mzigo ambao setla wa ekari elfu hakuachiwa aubebe peke yake; ila shilingi ya kwanza ya ruzuku itumike kabla ya ada, katika kumfanya mkulima shahidi wa kipimo chake na katika kuhakikisha fidia yafika mbegu zingali dukani. Mengine, ya ghala la ubaridi na pato zima la shamba, yatafuata daftari, na daftari hufuata mizani.

Walipotoka ukumbini, jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya bonde na baridi imeanza kupanda. Kijana aliwasha kanta lake. Mama alimwita, akamwonyesha ile mizani ya maziwa pale mlangoni, akamwuliza kama yaweza kubeba gunia la kilo 50. Kijana akaitazama, akacheka, akasema haiwezi, ni ndogo. Kisha akafikiri kidogo, akasema kwamba kule Nakuru anapajua mahali pauzwapo kubwa.